Somo la Robo Hii: Udikteta Unapoingia Nyumbani

Tunapendekeza vikundi vyetu vya Sumbawanga na Ufipa vitazame dakika za mwanzo za Mississippi Masala (1991), filamu ya Mira Nair. Sehemu hiyo yatosha kuwa filamu fupi.

Idi Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Katika filamu, wakili Jay anakamatwa kwa kumsema Amin, na rafiki yake Okelo anamtoa. Lakini Okelo anapomwambia kwamba Afrika ni ya Waafrika weusi, Jay anaondoka na mke na binti yake bila kumuaga. Mwishoni mwa filamu anarudi kumtafuta, akaambiwa Okelo alikwisha kufa.

Tunajifunza kwamba utawala wa mabavu hauchukui nyumba na mali tu. Humtenga mtu na yule aliyemwokoa.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini Jay aliumizwa na rafiki kuliko askari?
2. Je, Okelo alimfukuza au alimwokoa?
3. Tunachelewa kupatana na nani?