SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: KUELEZA SHABAHA YA CHAMA MPAKA IELEWEKE

Madhumuni ya somo

Ndugu Katibu, somo hili linakusudia kukuwezesha wewe pamoja na bodi yako kuwaeleza wahusika wote wa chama mahali mnapotaka kukifikisha, hata kila mmoja wao aweze kuyarudia maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe. Lisomwe na bodi nzima kikaoni, na mazoezi yake yafanywe kwa sauti.

1. Kwa nini somo hili ni la lazima

Mkaguzi afunguapo kitabu cha mihutasari aghalabu hukuta maneno haya: "Mwenyekiti alieleza mipango ya chama, wajumbe wakaafiki." Lakini akitoka nje na kumwuliza mwanachama anayesubiri malipo yake kwamba mipango hiyo ni ipi, hujibiwa: "Wanatukata fedha zetu." Hapana aliyesema uongo. Bodi ilisema, ila mwanachama hakuelewa. Makato yaleyale kitabuni huitwa maendeleo na shambani huitwa wizi.

Chama kilicho katika hali hiyo hakihitaji mwizi ili kianguke. Mwanachama atauza pamba yake kwingine kwa siri, mkopo wa pembejeo utakosa wa kuulipa, na kijana aliyekwenda machimboni hatarudi kulima.

2. Historia yetu yatufundisha nini

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na lalamiko moja lililojulikana katika kila kituo cha kununulia: mizani. Mkulima alipeleka mzigo, karani wa mnunuzi akasoma uzito, naye mkulima akapokea alichopewa bila njia ya kuhakiki. Ndugu Paul Bomani na wenzake walipoanza kuwaunganisha wakulima hao, walianza na jambo hilo hilo: kuwa na wapimaji wa wakulima wenyewe. Hilo halikuhitaji hotuba ndefu. Kila mtu aliijua mizani, na kila mtu aliweza kuona kama ahadi imetimizwa au la.

Kutoka kwenye mizani wakulima waliongozwa kwenye vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vikuu uliojulikana kwa Kiingereza kwa kifupi cha VFCU, Bomani akiwa meneja mkuu wake. Mwaka 1956 kinu cha ushirika cha kuchambua pamba kilianza kazi Kasamwa, wilayani Geita. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 ushirika ulikuwa umekwisha kushika ununuzi wa pamba ya jimbo zima. Mtu aliyeona mizani ikisomwa kwa haki aliweza kuamini habari ya kinu ambacho bado hajakiona.

Tuitazame na sehemu ya pili ya historia hiyo. Ushirika ulipokua, habari zilibaki ofisini. Kamati maalumu iliyoundwa na Rais mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika ilitaja miongoni mwa kasoro kubwa kwamba wanachama hawakuwa na ujuzi wala habari za kutosha juu ya vyama vyao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, mpaka Sheria ya mwaka 1982 ilipofungua njia ya kuvirudisha. Sababu za kuvunjwa kwake zilikuwa nyingi, lakini mwanachama asiyejua chama chake kinakwenda wapi hawezi kukitetea siku kinapoondolewa.

3. Mambo manne ya kueleza

Maelezo kamili ya shabaha yana sehemu nne, nazo zifuatane hivi:

(a) Tulipo sasa. Taja taabu ambayo msikilizaji anaijua mwenyewe.

(b) Tunakokwenda. Taja kitu kinachoonekana kwa macho au kuhesabika. "Kuinua hali ya wanachama" si shabaha. Ghala ni shabaha.

(c) Gharama yake. Sema kila mtu atatoa nini, kwa muda gani. Asiyetaja gharama mapema ataonekana ameificha.

(d) Namna ya kuhakiki. Sema mwanachama ataangalia wapi ili ajue kwamba ahadi inatimizwa. Hii ndiyo mizani ya somo letu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Mfano wa kufanyia mazoezi

Tuchukue chama cha kubuni chenye wanachama 400, kila mmoja akiuza wastani wa kilo 750 za pamba. Jumla ni kilo 300,000 kwa msimu. Bodi inataka kujenga ghala la shilingi 18,000,000, kwa kukata shilingi 20 kwa kila kilo. Kwa msimu mmoja zitapatikana shilingi 6,000,000. Kwa misimu mitatu ghala litakuwa limelipiwa. Mwanachama wa wastani atatoa shilingi 15,000 kwa msimu.

Sasa wajumbe wagawane nafasi. Mmoja awe katibu. Wengine wawe wasikilizaji hawa:

Mzee mwanachama. Anauliza: "Mwanangu, shilingi zangu hizi zinakwenda wapi?" Jibu baya: "Mzee, ni maazimio ya mkutano mkuu." Jibu jema: "Baba, msimu uliopita pamba yako ilinyeshewa hapa uwanjani. Shilingi 20 za kila kilo ni za ghala. Wewe umeleta kilo 750, umetoa 15,000. Zimeandikwa kwenye stakabadhi yako, na jumla ya chama imebandikwa pale mlangoni."

Kijana wa machimbo. Msimu wa kilimo yupo kijijini. Baadaye huenda Nyarugusu au Mwakitolyo. Huyu amezoea kuona mawe yakitoka duarani na kugawanywa kwa mifuko mbele ya macho ya wote. Mwambie kwamba makato ni mfuko wa chama, naye ana haki ya kuuona ukijaa.

Mama mkulima. Amepalilia na kuvuna pamba ambayo kitabuni ina jina la mumewe. Asiporuhusiwa kuuliza mkutanoni, maelezo yenu yamefika nusu ya shamba. Mweleze yeye mwenyewe, na umweleze pia namna ya kujiunga.

Ofisa wa benki. Huyu hana haja ya habari za mvua. Mpe hesabu za misimu iliyopita, muhtasari wa mkutano mkuu na taarifa ya mkaguzi.

Maneno yabadilike kwa kila msikilizaji, lakini tarakimu zisibadilike. Ghala la milioni 18 mbele ya wanachama lisiwe la milioni 25 mbele ya benki.

5. Kipimo cha mwisho

Katibu akimaliza, asiulize, "Mmeelewa?" Watu wenye adabu hujibu "ndiyo." Amwombe msikilizaji mmoja aeleze upya kwa jirani yake, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma. Likikosekana jambo moja kati ya yale manne, maelezo yarudiwe. Anayepinga asinyamazishwe, swali lake liandikwe kwenye muhtasari pamoja na jibu alilopewa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inauweka mkutano mkuu juu ya bodi, na mkutano usioelewa jambo hauwezi kusemwa kwamba umeliamua.

Maswali ya majadiliano

1. Shabaha ya chama chenu kwa misimu mitatu ijayo ni ipi? Kila mjumbe aandike peke yake, kisha mlinganishe majibu.

2. Ni makato gani katika chama chenu ambayo mwanachama wa kawaida hawezi kueleza kazi yake?

3. Mwanachama asiyejua kusoma atahakiki vipi ahadi ya bodi?

4. Ni nani katika kijiji anayeguswa na chama lakini hajawahi kuelezwa lolote?

Majibu ya swali la kwanza yakitofautiana, msiitishe mkutano mkuu kwanza. Malizeni kazi hiyo ndani ya bodi.