Daktari Akikuuliza Unatumia Nini

Swali huja katikati, baada ya umri na kabla ya kupimwa presha: "Unavuta sigara? Pombe? Kingine chochote?" Mlango uko wazi nusu, foleni inachungulia, na pembeni yako ameketi mama aliyekusindikiza. Unajibu, "Hapana, daktari." Kalamu inaandika, mnaendelea.

Kijitabu hiki kinahusu hiyo "hapana". Hatukukiandika ili tukuambie uache, hayo tutayazungumza siku nyingine. Hapa tunasema jambo moja: dozi hupangwa kwa mwili uliouelezea. Ukieleza mwili usio wako, atakayemeza dawa bado ni wewe.

Ukienda kupasuliwa

Mtu anayevuta bangi kila siku mara nyingi huhitaji dawa nyingi zaidi ili alale nusukaputi, na akizinduka maumivu humzidi. Aliyevuta asubuhi hiyohiyo "kutoa woga" aseme, hata kama operesheni itaahirishwa, kwa sababu bangi hukimbiza moyo.

Kwa mtumiaji wa unga (heroini) mambo ni mazito zaidi. Mwili wake umezoea, kwa hiyo morfini inayomtuliza mgonjwa mwingine yeye haimfikii, na wodini anaonekana msumbufu. Kesho yake anapiga miayo mfululizo, jasho linamtoka, kamasi zinachuruzika, tumbo linakata. Mgonjwa wa kitanda cha pili anajua kabisa kuwa hiyo ni arosto, mwili unadai unga. Daktari, ambaye hakuambiwa, anakagua kidonda akidhani kimeingia maambukizi.

Dawa zinapogongana

Kliniki ya Muhimbili ya methadone, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa unga, ilianza mwaka 2011, na sasa huduma hiyo ipo katika hospitali nyingine kadhaa nchini Tanzania. Anayetumia methadone akipata kifua kikuu huanzishiwa dawa yenye rifampisini. Rifampisini hulifanya ini liiondoe methadone mwilini haraka, hivyo kikombe kilichomtosha mwezi jana sasa hakimfikishi kesho. Anaweza kuamini methadone imechakachuliwa, akarudi kwenye kete za unga. Dawa yake ni kuongezewa dozi tu, lakini kliniki ya kifua kikuu na kliniki ya methadone ni milango miwili. Sema kwenye yote miwili.

Mirungi nayo, iwe ni haramu kama Tanzania au inauzwa hadharani kama Kenya, hupandisha presha na hupunguza ampisilini inayoingia mwilini. Ukitoka kutafuna, subiri angalau saa mbili ndipo umeze. Na ukipimwa presha shavu bado limejaa, usishangae kipimo kikisoma juu.

Tramadol, valiamu na pombe kali vikikutana, mtu huweza kusinzia hadi akaacha kupumua. Wewe rafiki uliyemleta, usiseme alikula chipsi akazidiwa. Ipo dawa ya naloksoni inayozindua aliyezidiwa na unga au vidonge vya jamii ya afyuni, lakini anayeitafuta ni yule aliyeambiwa ukweli, na dakika zinahesabika.

Mjamzito anayetumia unga asiuache ghafla peke yake nyumbani. Arosto inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Aende kliniki, aseme, apangiwe tiba.

Namna ya kusema

Anza na faragha. "Mama, naomba unisubiri nje kidogo." Kisha: "Daktari, kuna jambo nataka nikueleze, naomba tufunge mlango." Taja unachotumia, unavyokitumia (kuvuta, kunusa au kujidunga), kiasi, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Lugha ya mtaani inatosha. "Kete mbili kwa siku, ya mwisho jana jioni" ni maelezo mazuri kuliko "huwa natumia kidogo." Ukiwa unajidunga, sema pia ni sehemu gani, maana huenda mshipa wa kuwekea dripu ukawa shida kupatikana.

Maadili ya kazi yanamtaka daktari atunze siri yako. Hatutakudanganya lakini: wapo watumishi watakaosonya, na wapo watakaokuita teja mbele ya watu. Afanyaye hivyo amekukosea, na una haki ya kuomba uhudumiwe na mwingine.

Na kama ulishajibu "hapana" wiki iliyopita, rudi na kadi yako, useme: "Daktari, siku ile kuna jambo sikukueleza." Maelezo kwenye faili husahihishwa kila siku, na yako yatasahihishwa vilevile.