Homa ya Uti wa Mgongo: Jina Moja, Koo Nyingi

Tukizungumza na wazazi hapa Levolosi husikia maneno mawili mara kwa mara. La kwanza: "Mwanangu amemaliza chanjo zote, hawezi kupata homa ya uti wa mgongo." La pili: "Nimekataa asichomwe sindano ya mgongoni, maana wakichomwa hufa au hupooza." Maneno yote mawili yanaweza kumpotezea mtoto uhai. Mwezi huu tutaeleza kwa nini. Jibu la yote mawili linaanzia mahali pamoja: vijidudu vinavyoleta ugonjwa huu si vya ukoo mmoja.

UGONJWA WENYEWE

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando, na ndani yake mna maji maangavu. Vijidudu vikiingia humo, utando huvimba na ubongo hubanwa. Virusi na kifua kikuu pia huweza kufanya hivyo, lakini leo tunasema juu ya bakteria, kwa sababu huweza kuua mtu katika muda wa saa 24. Walio maarufu ni watatu: meningokoka, nimokoka na Hib. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa kati ya wagonjwa sita wa aina hii, mmoja hufa. Kati ya watano wanaopona, mmoja hubaki na dosari kubwa, kama vile uziwi, kifafa au akili kudumaa.

KOTI LA KIJIDUDU

Huenda mkashangaa kusikia kwamba meningokoka hukaa kooni mwa watu wengi wenye afya njema, pengine mmoja kati ya kumi, bila kuwadhuru. Kwa nini basi mwingine augue?

Sababu moja ni hali ya mwili wa mtu. Sababu nyingine ni vinasaba vya kijidudu, yaani maelekezo anayorithi kutoka kwa mzazi wake. Baadhi ya vijidudu vina vinasaba vya kutengeneza koti la sukari. Asiye na koti akiingia katika damu huliwa upesi na chembe nyeupe zinazoulinda mwili. Mwenye koti huponyoka. Kisha kwa vinyweleo vyake hujishika kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo, akapenya hadi kwenye yale maji.

Makoti nayo hayafanani. Kwa sababu hiyo wataalamu wamewagawa meningokoka katika makundi, na yanayougua watu zaidi ni A, B, C, W, X na Y. Chanjo nyingi huufundisha mwili kulitambua koti. Ni kama mlinzi wa geti aliyeonyeshwa picha ya mwizi mmoja: akija mwingine, humpisha. Koti la kundi B ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linafanana na sukari iliyo juu ya chembe za mishipa ya fahamu ya binadamu, na mwili hulidhania ni la kwao. Ilibidi wataalamu wasome vinasaba vyote vya kijidudu wa kundi B, kazi iliyotangazwa mwaka 2000, ndipo wakapata alama nyingine za kutengenezea chanjo. Ulaya iliikubali mwaka 2013.

UKOO ULIOFIKA NAIROBI

Mwaka 1987 homa ya kundi A ilizuka Makka wakati wa hija. Wataalamu walipolinganisha vijidudu hivyo, waliona ni ukoo uleule uliokuwa umeleta mlipuko Nepal miaka michache kabla. Mahujaji waliubeba kooni wakarudi nao makwao. Mwaka 1988 ulipiga Chad na Sudan, na mwaka 1989 uliugua watu zaidi ya 3,000 huko Nairobi. Sisi wa Arusha tunajua jinsi basi la Namanga lisivyochukua siku nzima.

Mwaka 2000 palitokea mlipuko tena Makka. Mahujaji wengi walikuwa wamechanjwa dhidi ya A na C, lakini aliyekuja safari hii alikuwa W. Tangu mwaka 2010, chanjo mpya ya kundi A, iliyoanzia Burkina Faso, imelikomesha karibu kabisa kundi hilo katika nchi za Afrika zinazopatwa zaidi. Hata hivyo C, W na X waliendelea. Mwezi Aprili 2024 Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza kutumia chanjo ya makundi matano kwa pamoja: A, C, W, X na Y.

Sasa turudi kwa mzazi wetu wa kwanza. Chanjo anazopata mtoto kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14 zina kinga dhidi ya Hib (tangu mwaka 2009) na nimokoka (tangu mwaka 2013). Ni kinga kubwa sana, msiikose. Lakini nimokoka wana aina zaidi ya 100, na chanjo hukinga baadhi tu. Tena chanjo hizo hazimkingi mtoto na meningokoka. Kwa hiyo aliyechanjwa akionyesha dalili, apelekwe hospitali kama mwingine yeyote.

SINDANO YA MGONGONI

Daktari huhitaji kujua ni kijidudu gani, ili achague dawa na siku za kuitumia, na ili serikali ijue chanjo ipi iletwe ukitokea mlipuko. Njia ya hakika ni kupima yale maji. Sindano huchomwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kuishia, kwa hiyo hauchomwi. Wengi wanaokufa baada ya sindano hiyo huuawa na ugonjwa, kwa kuwa waliletwa wamechelewa. Mama, baba, kama una hofu muulize daktari akueleze, lakini usikimbie na mtoto.

DALILI

Kwa mkubwa: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa. Kwa mtoto mchanga: kukataa kunyonya, kulia anapobebwa, kulegea, utosi kuvimba. Degedege ni dalili ya hatari, si pepo. Pia madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa.

Usikae nyumbani ukimeza dawa ya malaria na kungoja kesho. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ikithibitika kuwa ni meningokoka, wanaolala chumba kimoja na mgonjwa waulizie dawa ya kinga. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, tunapojifungia ndani wengi, tufungue madirisha mchana. Na mtoto akipona, apimwe masikio mapema.

Kijidudu hubadili koti, lakini dalili zake ni zilezile. Tuzijue, tuwahi.