Udongo, Nyasi na Sotoka: Safari ya Somo Kutoka Bariadi Hadi Serengeti

Mgeni ajaye Tanzania kutazama wanyama kwa kawaida huelekezwa Arusha. Ni wachache wakumbukao kwamba Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, umepakana na Serengeti upande wa magharibi. Kwa mwanafunzi wa baiolojia au jiografia njia hii ina faida zaidi, kwani sura ya nchi hubadilika mbele ya macho yake, na sababu ya mabadiliko hayo yaweza kushikwa mkononi.

Tuanze na mteremko mmoja wa Usukuma. Juu, chini ya miamba ya matale, kuna kichanga ambacho wenyeji hukiita luseni; chini yake itogolo, udongo mgumu wa kijivu; na bondeni mbuga, yaani mfinyanzi mweusi. (Katika Kiswahili cha kawaida mbuga ni uwanda wa nyasi tu, mkulima wa Kisukuma husema kwa usahihi zaidi.) Wakulima walikuwa na majina haya kabla mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanga, hajaeleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo unavyopangika kwa mfuatano mteremkoni. Maji huchukua chembe ndogo na chumvi na kuzishusha bondeni. Mfinyanzi huo huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na mipasuko hukata mizizi ya miti michanga. Ndiyo maana mbuga ina nyasi nyingi, na miti yake mingi ni migunga.

Msafiri akivuka Pori la Akiba la Maswa na kuelekea mashariki, hukuta jambo la kushangaza. Mvua hupungua, nyasi huwa fupi, miti hutoweka. Na hapo ndipo nyumbu huenda kuzaa, wengi wao mwezi Februari, katika muda wa majuma machache tu. Kwa nini waache nyasi ndefu za magharibi? Jibu limo katika majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na jirani zake, mojawapo ikiwa Ol Doinyo Lengai, ambayo yalipeperushwa na upepo kwa maelfu ya miaka. Chokaa iliyomo imefanya tabaka gumu chini ya ardhi, ambalo mizizi ya miti hushindwa kulipenya. Lakini nyasi fupi zimejaa kalsiamu na fosforasi, madini ambayo nyumbu anyonyeshaye huyahitaji kupita wakati mwingine wowote. Mvua ikikoma, maji hukauka, na kundi hurudi magharibi na kaskazini.

Hata hivyo udongo hauelezi idadi ya wanyama. Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wengi mno wa Afrika Mashariki, pamoja na nyati na nyumbu, na wafugaji wakafa kwa njaa. Kwa miaka mingi baadaye ilidhaniwa na wengi kwamba wanyama pori ndio ghala la ugonjwa huo. Mambo yalikuwa kinyume. Ng'ombe waliozunguka Serengeti walipochanjwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu pia, mapema katika miaka ya 1960. Nyumbu waliokuwa karibu robo milioni wakazidi milioni moja kabla ya mwaka 1980. Walikula nyasi nyingi, moto ukakosa kuni, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ilibadili msitu! Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote.

Zoezi. Wanafunzi wachukue udongo wa luseni na wa mbuga, waulowanishe kila mmoja mpaka ufinyangike, wajaze vibweta viwili vya kiberiti na kuvianika juani. Wapime kwa rula urefu wa kila donge kabla na baada ya kukauka, kisha waeleze tofauti hiyo ina maana gani kwa mzizi wa mti wa mwaka mmoja.