Usukani unatetemeka nikikanyaga breki

Swali: Kwenye barabara kuu ya Beltway, nikikanyaga breki kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, usukani hutetemeka, nikiachia, hutulia. Fundi wangu hapa Silver Spring anasema ni matairi. Kweli?

Jibu: Ndugu yangu, usinunue matairi bado. Tairi lisilobalansiwa hutikisa gari hata breki isipoguswa. Mimi nashuku diski za mbele: unene wake hauko sawa tena. (Kingetikisika zaidi kiti, ningeanza na za nyuma.) Zipimwe kwa geji, na habu isuguliwe kutu, kwani chumvi inayomwagwa barabarani huko wakati wa theluji haina huruma. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo. Boljoint na bushi zikaguliwe pia. Diski ikiwa nyembamba kuliko kipimo kilichoandikwa juu yake, usikubali ichongwe: badilisha zote mbili za mbele, pamoja na pedi.