Valvu Mpya ya Moyo Nayo Ina Saizi Yake

Sisi wauguzi huwasikia wazazi wakisema: "Ameshapasuliwa moyo, mbona bado anachoka? Ni uvivu tu." Mwezi huu tujifunze kwa nini tusiharakishe kusema hivyo.

Valvu ni mlango unaopitisha damu upande mmoja tu. Huku kwetu mara nyingi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni. Ikiharibika sana, mgonjwa huweza kuwekewa valvu bandia katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015.

Kwa nini saizi ni muhimu?

Valvu bandia hupimwa kwa milimita. Za mshipa mkuu wa damu huwa 19, 21, 23 na kuendelea. Tofauti yaonekana ndogo, lakini duara la 23 lina eneo karibu mara moja na nusu ya lile la 19. Daktari hupima nafasi iliyopo wakati wa upasuaji. Ikiwa finyu, huweka valvu ndogo au huipanua nafasi kwanza.

Mtu akiwa ameketi, valvu ndogo yaweza kumtosha. Akibeba ndoo, akilima au akiendesha baiskeli, misuli hudai damu nyingi zaidi. Moyo husukuma kwa nguvu, lakini mlango ni mwembamba, naye huishiwa pumzi. Mwenye mwili mkubwa hutaabika zaidi. Mtoto naye hukua, valvu haikui.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tutunze kadi yenye aina na saizi ya valvu, tuioneshe kila kliniki.
2. Mgonjwa atembee kila siku, akiongeza mwendo kidogo kidogo. Mizigo mizito angoje ruhusa ya daktari.
3. Asiache dawa ya kuzuia damu kuganda aliyoandikiwa, wala sindano za penisilini.
4. Akichoka kuliko zamani, akivimba miguu au akizimia, afikishwe mapema hospitali ya Kitete au iliyo karibu, aombewe kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Huenda valvu ni ndogo kwake, imeziba kwa damu iliyoganda, au amepungukiwa damu. Kila sababu ina tiba yake.

Uvivu hauvimbishi miguu. Tumpime kwanza, ndipo tuseme.