Banderoli ya koperative inamalizika mbele ya kufika imprimeri

Kila mwaka, siku ya kimataifa ya koperative ikikaribia, ile ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, wamemba wanaanza kuuliza juu ya banderoli. Kuna pia maonyesho ya mavuno, ufunguzi wa depo, na siku ya chakula ulimwenguni tarehe 16 mwezi wa kumi. Banderoli si pambo tu. Kwenye soko lenye meza nyingi, ndiyo inamwambia mnunuzi aliyetoka mbali kwamba maharagi ya Masisi yako hapa, mafuta ya mawese ya Walikale yako pale. Asipoona anapita, anamalizia kwa mchuuzi wa kati, na ninyi mnabaki na bei ile ile ya kila siku.

Tabu ni umbali. Mashine kubwa za kuchapa bashi ziko Goma. Mtu wa Nyabiondo ao wa Walikale anatumia siku za njia, na mvua ikinyesha barabara haina huruma. Akifika imprimeri na karatasi iliyoandikwa kwa biki, kijana wa mashine anamtungia banderoli haraka haraka, wateja wengine wakingoja nyuma. Kosa linaonekana siku ya kuitandika nyumbani, na kurudi Goma juu ya herufi moja ni kulipa mara mbili, bashi na safari. Feza hiyo ni ya makato ya wamemba. Kwa hiyo katika somo hili tunaonyesha namna ya kutayarisha kila kitu huko huko, kwa ordinateri ya koperative, ya masomo ao ya parokia, ili Goma iende fishie iliyo tayari.

Tuanze na kipimo, maana hapo wengi wanakwama. Mnataka banderoli ya metre 4 kwa metre 1. Mkifungua Word na kuomba ukurasa wa sentimita 400, inakataa. Mwisho wake ni sentimita 55 na kitu. Hata PDF ya kawaida inaishia metre 5 na sentimita 8. Msihangaike. Chora kwa kipimo cha moja kwa kumi: ukurasa wa sentimita 40 kwa 10. Mashine ya Goma itakuza mara kumi, ni kusema asilimia 1000. Andikeni jambo hilo katika jina la fishie yenyewe, kwa mfano maharagi_400x100cm_asilimia1000, maana mnayemkuta kwenye mashine siku hiyo pengine siye mliyezungumza naye kwa simu. Word inaweza kufanya kazi hii, lakini sisi tunapendelea Scribus. Ni ya bure, menyu yake iko pia kwa Kifransa, na imetengenezwa kwa kazi za kuchapisha.

Kiisha, herufi. Kanuni inayosaidia ni hii: kwa kila metre 10 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 8 hadi 10. Mtu akiwa metre 25 kutoka kwenu, anahitaji herufi za sentimita 20 hadi 25. Kwenye mchoro wetu wa moja kwa kumi, herufi kubwa za ukubwa 100 zitatoka na kimo cha sentimita 25 hivi kwenye bashi. Sasa jaribuni MAHARAGI YA MASISI kwa herufi nene za Arial, ukubwa 100. Mtaona maneno yanagusa karibu kingo zote mbili. Shusheni hadi 90: yanakaa vizuri, na kimo kinabaki karibu sentimita 23. Pande zote nne acheni sentimita 1 ya mchoro bila maandishi, ambayo ni sentimita 10 za bashi, kwa ajili ya kukunja ukingo na kutoboa tundu za kamba.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba metre 4 za bashi zinabeba maneno matatu makubwa, basi. Na bado tunaona banderoli zilizojaa kama barua: jina refu la koperative, kauli mbiu, mwaka, kichwa cha siku, nembo saba chini. Hakuna anayesoma. Tuseme wazi, sisi mashirika tuna sehemu yetu katika tabia hiyo, kila mmoja anataka nembo yake ionekane. Nembo yetu ikae pembeni, ndogo. Mnunuzi hatafuti sisi, anatafuta maharagi.

Mstari wa kwanza uwe bidhaa. Wa pili, kwa herufi za sentimita 12, uwe jina la koperative pamoja na alama ya aina yake: SCOOPS kwa koperative ndogo iliyorahisishwa, COOP-CA kwa ile yenye baraza la usimamizi. Alama hiyo inatoka katika sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, na Kongo yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012. Sheria inataka jina liende pamoja na aina yake kwenye hati zote zinazotoka kwenu kwenda kwa watu wa nje. Mnunuzi mkubwa anayeiona anajua kwamba anaongea na koperative yenye karatasi. Mstari wa tatu ni nimero ya simu. Iwe nimero ya koperative, si ya prezida. Prezida akibadilika, banderoli inabaki inaita mtu asiyehusika tena. Tarehe msiweke. Yenye tarehe inatumika siku moja, isiyo na tarehe inatumika miaka. Kama tarehe ni lazima, ichapishwe kwenye kipande kidogo cha kufunga chini.

Mbele ya kutuma chochote, fanyeni jaribio ambalo halina gharama. Chapisheni mchoro kwenye karatasi ya kawaida ya A4 iliyolazwa, maneno yote yapunguzwe mpaka upana uwe sentimita 27. Banderoli ya metre 4 imepungua hapo mara 15 hivi. Bandikeni karatasi ukutani, mtu asimame metre 2 kutoka hapo: ni sawasawa na kusimama metre 30 mbele ya banderoli yenyewe. Muiteni mama mzee wa koperative, yule ambaye macho yake hayana nguvu tena, asome kwa sauti. Mstari anaoshindwa ukuzwe ao uondolewe. Kiisha sekretere asome nimero ya simu tarakimu moja moja, na mwingine aipige palepale. Simu isipolia, mmegundua kosa mkiwa bado nyumbani.

Foto inadanganya zaidi kuliko maneno, maana kwenye simu kila foto ni nzuri. Banderoli ya kutazamwa kwa mbali inataka nukta kama 40 kwa kila sentimita ya bashi. Simu yenye megapikseli 12 inatoa foto ya nukta 4000 kwa 3000, kwa hiyo inatosha metre 1 ya upana. Foto hiyo hiyo ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa hadi nukta 1600 hivi, na sasa inatosha sentimita 40 tu. Mkiivuta hadi metre 1, gunia la maharagi linaonekana kama ukungu. Itumeni kama dokima, si kama foto, ao iwekeni kwenye flashi. Kama foto nzuri hakuna, achaneni nayo. Maandishi meusi juu ya njano yanaonekana mbali na hayahitaji foto.

Juu ya rangi, kijani kinachong'aa kwenye ekrani hakitatoka hivyo, maana ekrani inatumia mwanga na mashine inatumia wino. Nyekundu na njano zinawahi kupauka juani, nyeusi na buluu zinadumu. Nimero ya simu basi iwe nyeusi.

Fishie itoke kama PDF. Mkipeleka fishie ya Word na ordinateri ya Goma haina aina ya herufi mliyotumia, inaweka nyingine, na maneno yanaruka mstari. Wakati wa kutoa PDF, Scribus inauliza juu ya herufi. Chagueni zipachikwe ndani ao zigeuzwe kuwa michoro. Zikigeuzwa michoro hakuna atakayezibadilisha, kwa hiyo wekeni pembeni nakala ya kusahihisha mwaka ujao.

Imprimeri wanahesabu kwa metre mraba. Metre 4 kwa 1 ni metre mraba 4. Mbele ya kutoa feza, ulizeni kama bei inabeba kukunja kingo na tundu za chuma, na muombe tundu kila sentimita 50. Ombeni pia wawatumie foto ya ekrani mbele ya kuanza kuchapa. Wino ukitoka kwenye mashine unaonekana mkavu lakini bado. Ukiviringishwa siku hiyo hiyo unaweza kushikana. Aliyetumwa alale Goma kama anaweza, achukue mzigo kesho yake.

Banderoli inaviringishwa, haikunjwi kama shuka. Maandishi yawe upande wa nje, ndani mkiweka bomba ao mti laini. Kuitundika, fungeni kila tundu, si pembe nne tu, maana upepo wa milima ya Masisi unapasua mahali palipolegea kwanza.

Na siku itakapochakaa, ifunike magunia kwenye kamio. Msianike juu yake mihogo wala maharagi, wino ule si wa kugusa chakula.